Wawekezaji wa nje, kuuza nje na tija ya kiwanda: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya mengi yanatoka kwa watu wa aina mbili, wanafunzi wanaohangaika na tasnifu, na wenye viwanda vidogo ambao kila semina wanayoenda wanaambiwa "uzeni nje" au "tafuteni mbia" halafu hakuna anayewaeleza kwa nini. Nimejibu kama ninavyojibu nikiulizwa uso kwa uso, kwahiyo kuna sehemu nimeongea sana na kuna sehemu nimepita haraka.

Tija ni nini hasa? Si ndo faida hiyohiyo?

Hapana, na hapa ndo wengi wanaanza kupotea. Tija ni unapata kiasi gani kutokana na ulichoingiza: watu, mashine, umeme, malighafi. Faida inaweza kupanda kwa sababu tu bei ya sukari imepaa mjini na wewe ulikuwa na mzigo stoo, hapo tija haijasogea hata kidogo, umebahatika tu.

Kwenye viwanda vya nguo, vya Athi River kule Kenya au popote, kawaida mwisho wa laini kunakuwa na ubao, kila saa msimamizi anaandika vipande vingapi vilitakiwa kutoka na vingapi vimetoka kweli. Hiyo ndo tija ya mfanyakazi, unaisoma kwa macho. Wachumi wana nyingine wanayoipenda zaidi, tija ya jumla: wanachukua mauzo ya kiwanda, wanatoa kila kinachoweza kuelezwa na idadi ya watu, mtaji na malighafi, kile kilichobaki bila maelezo ndo wanaita tija. Yani ni mabaki. Ndani ya hayo mabaki kuna mpangilio mzuri wa kazi, kuna mashine zisizokufa kila wiki, kuna meneja anayejua anachofanya, lakini pia kuna makosa ya vipimo na bei zilizochezewa. Hilo la bei nitalirudia chini.

Ni kweli viwanda vinavyouza nje vina tija kubwa kuliko visivyouza?

Ndiyo, hilo halina ubishi, karibu kila nchi iliyopimwa inatoa jibu hilohilo. Ni vikubwa zaidi, vinalipa mishahara mizuri zaidi, vina mashine nyingi zaidi kwa kila mfanyakazi. Wachumi Andrew Bernard na J. Bradford Jensen ndo walioliweka wazi kwa viwanda vya Marekani miaka ya 1990, baada ya hapo watu wakaenda kuangalia kwao na wakakuta vilevile.

Kitu ambacho watu hawakitarajii ni jinsi wauzaji nje walivyo wachache. Marekani mwaka 2000 ilikuwa na kampuni kama milioni 5.5, zilizouza nje zilikuwa asilimia 4 tu, na kati ya hizo, asilimia 10 za juu zilibeba asilimia 96 ya mauzo yote ya nje. Sasa kama Marekani yenyewe iko hivo, ukisikia mtu jukwaani anasema kila mjasiriamali auze nje, jua anaongea tu.

Sasa vinauza nje kwa sababu ni vizuri, au vimekuwa vizuri kwa sababu vinauza nje?

Hili ndo swali lenyewe, mengine yote ni matawi. Ni kama kuuliza mchezaji wa Taifa Stars ni mzuri kwa sababu yuko timu ya taifa, au yuko timu ya taifa kwa sababu alishakuwa mzuri. Ukilinganisha wachezaji wa Stars na wa mtaani ukasema "tazama, timu ya taifa inafundisha mpira", umejidanganya, ilikuwa ni kuchaguliwa.

Kuuza nje kuna gharama unayolipa kabla hujaona hata senti: kutafuta mnunuzi, sampuli, vyeti, kubadilisha vifungashio, wakala wa mizigo, kukaa miezi unasubiri hela. Kiwanda dhaifu hakiwezi kubeba huo mzigo, kwahiyo kinachoingia sokoni ni kile ambacho tayari kilikuwa kinakimbia. Marc Melitz aliijengea hiyo hoja nadharia nzima mwaka 2003, na mwaka uliofuata yeye, Elhanan Helpman na Stephen Yeaple wakaongeza ngazi: wenye tija ndogo wanauza nyumbani tu, wa kati wanauza nje, wa juu kabisa ndo wanaenda kufungua kiwanda nchi nyingine. Yani yule mwekezaji unayemuona amekuja kwenu ametoka kwenye kundi la juu la huko kwao, usishangae akiwa na tija kuliko jirani yake wa hapa, alikuja nayo kwenye begi.

Mwaka 1998 Sofronis Clerides, Saul Lach na James Tybout waliangalia viwanda vya Colombia, Mexico na Morocco, wakakuta picha ni hiyo, wazuri ndo wanaoingia, na baada ya kuingia hakuna dalili kubwa kwamba gharama zao zinashuka. Kwa muda mrefu wachumi wengi wakabaki hapo: kuuza nje hakufundishi, kunachagua.

Mimi nadhani hilo jibu lilifungwa mapema mno. Na ushahidi uliolifungua umetoka sana Afrika.

Ushahidi gani huo? Kuna majaribio yoyote au ni takwimu za kukisia tu?

Kuna jaribio moja zuri sana, Fowa, mji mdogo kwenye delta ya Nile huko Misri, watu wa pale wanafuma mazulia kwa mitambo ya miguu, karakana nyingi ni ya mtu mmoja, mwenye nayo ndo fundi. David Atkin, Amit Khandelwal na Adam Osman walifanya kitu ambacho hakuna aliyekifanya kwa viwanda kabla ya hapo: walishirikiana na shirika moja na kampuni ya kati ya mazulia kutafuta oda kutoka nchi tajiri, halafu wakazigawa oda kwa mafundi kwa bahati nasibu. Wengine wakapata nafasi ya kufuma kwa ajili ya nje, wengine hawakupata, na tofauti yao ni kura tu. Hapo ile habari ya "wazuri ndo walioingia" imekufa, maana hakuna aliyejichagua.

Matokeo yalitoka kwenye jarida mwaka 2017. Faida ya waliopata nafasi ilipanda kwa asilimia 16 hadi 26. Lakini sehemu tamu ni hii: ukipima tija kijinga, yani mita za mraba za zulia kwa saa, walioanza kuuza nje walionekana wameshuka! Walikuwa wanafuma polepole zaidi. Ukiangalia kwa nini, unakuta zulia lao sasa lina kona zilizonyooka, limelala sakafuni bila mawimbi, nyuzi zimebanwa sawasawa, ramani ya nakshi haijaliwa upande mmoja. Mazulia yalipewa alama na fundi bingwa, kipengele kimoja baada ya kingine, na yale ya wauzaji nje yakawa juu.

Mtu mbishi atasema sawa, labda walilipwa zaidi ndo maana wakajitahidi, hawakujifunza chochote. Watafiti nao waliliwaza hilo. Wakawakusanya mafundi wote sehemu moja, wakawapa mtambo uleule, nyuzi zilezile, na oda ya zulia la aina moja la soko la nyumbani, wafume. Waliowahi kuuza nje wakatoa zulia bora zaidi, na hawakutumia muda mrefu kuliko wenzao. Hapo ni ujuzi umeingia mikononi, sio bei. Na umeingiaje? Kwa mnunuzi kulalamika. Zulia linarudi na maneno, kona hii imepinda, hapa pamelegea, yule wa kati anaenda kwa fundi anamuonyesha, oda inayofuata kosa lilelile halipo.

Nalipenda hili jaribio kwa sababu linatuonyesha kujifunza kunakopitia. Hakupiti kwenye kontena lenyewe, kunapita kwenye marejesho.

Kwa nini Afrika ionekane inajifunza zaidi kuliko kwingine?

Johannes Van Biesebroeck mwaka 2005 alitumia data za viwanda vya nchi tisa za kusini mwa Sahara, Kenya, Tanzania na Burundi zikiwemo, akakuta wauzaji nje walikuwa juu kabla ya kuingia NA wakazidi kwenda juu baada ya kuingia. Arne Bigsten na wenzake nao mwaka 2004 walikuta hivohivo kwa Kamerun, Ghana, Kenya na Zimbabwe.

Sababu moja ni soko la nyumbani dogo. Kiwanda chenye mashine ya kutoa tani mia halafu wateja wa nchi nzima wanahitaji tani thelathini, kitaishi kinawasha na kuzima, mafundi wanakaa, umeme wa kuwasha upya unaliwa bure. Kikipata soko la nje, mashine ileile, watu walewale, kinatoa mara mbili. Wala hakuna uchawi hapo wala teknolojia mpya, ni kutumia ulichonacho.

Sababu nyingine ni umbali uliopo kati ya tunavyofanya na inavyotakiwa. Kiwanda cha Marekani kikianza kuuza Canada kinajifunza nini cha ajabu? Lakini angalia wachakataji wa sangara wa Ziwa Victoria. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulifunga soko kwa samaki wa Kenya, Tanzania na Uganda kwa hofu ya sumu iliyokuwa inatumika kuvulia, na kabla ya hapo kulikuwa na misukosuko ya salmonella na kipindupindu. Viwanda vya minofu Mwanza, Kisumu na Jinja vilikaa vinaangalia ukuta. Kurudi sokoni ikabidi mnyororo wote ubadilike, maabara za kupima, barafu kuanzia kwenye boti ya kukusanyia, mialo yenye sakafu ya zege na maji safi, rekodi za kila shehena imetoka mwalo gani. Hakuna mteja wa Kariakoo ambaye angewalazimisha kufanya hivo. Ila niseme na upande wa pili, gharama hizo ziliwatoa baadhi kwenye mchezo kabisa, na mvuvi wa kawaida hakuona bei yake ikipanda kama presha ilivyopanda.

Mwekezaji wa nje akinunua kiwanda, tija inapanda?

Kwa wastani ndiyo, ila swali la Taifa Stars linarudi hapahapa, maana wawekezaji hawanunui mabovu ovyo, wanachagua yenye sura nzuri. Jens Arnold na Beata Javorcik walilipima hilo kwa Indonesia, wakalinganisha kiwanda kilichonunuliwa na kingine kilichofanana nacho kabla ya kununuliwa, wakakuta baada ya miaka mitatu kilichonunuliwa kimemzidi pacha wake kwa asilimia 13.5 ya tija. Kwahiyo sio kuchagua peke yake, kuna kitu mwekezaji analeta.

Kitu hicho mara nyingi sio mashine. Mashine unaweza kuagiza mwenyewe. Ni namna ya kuendesha: nani anaruhusiwa kusimamisha laini, spea zinakaa wapi, kosa likitokea linaandikwa au linafichwa, na pia ni kitabu cha wateja ambacho tayari anacho.

Lakini jina la kigeni kwenye bango halitoshi. Kiwanda cha Urafiki pale Ubungo, Dar es Salaam, kilijengwa kwa msaada wa China miaka ya 1960, na miaka ya 1990 kikawa cha ubia, upande wa China ukiwa na hisa asilimia 51 na serikali 49. Kikaendelea kuhangaika na mashine zilizochoka, mitaji, migogoro ya mishahara na vitenge vya bei rahisi kutoka nje ambavyo vingine vilitoka hukohuko China. Linganisha na A to Z ya Arusha, kampuni ya hapahapa, ambayo mwaka 2003 ilianza kutengeneza vyandarua vyenye dawa kwa teknolojia ya Sumitomo Chemical ya Japani. Ilianza kwa kupewa teknolojia, hisa za ubia zikaja baadaye, na mnunuzi alikuwa ni mashirika ya kimataifa ya malaria yenye oda kubwa na vipimo vikali. Ukiniuliza kipi kilifanya kazi kubwa zaidi pale, hisa au oda, mimi nasema oda.

Na sisi majirani wenye viwanda vya kawaida, tunafaidika na huyo mwekezaji?

Inategemea uko wapi kwake. Kama uko pembeni yake mnauza bidhaa moja, kaza mkanda. Brian Aitken na Ann Harrison waliangalia viwanda vya Venezuela kuanzia 1976 hadi 1989: vile vilivyoingia hisa za kigeni, hasa vidogo, vilipanda, lakini vya wazawa kwenye sekta hiyohiyo vilishuka tija. Sio kwamba walisahau kazi, ni kwamba mgeni alichukua wateja, na gharama za kudumu za kiwanda, pango, umeme wa msingi, mishahara ya ofisini, zikabaki zilezile zikigawanywa kwa vipande vichache.

Kama uko nyuma yake unamuuzia, hadithi inabadilika kabisa. Javorcik huyohuyo mwaka 2004 alionyesha kwa Lithuania kwamba tija ilipanda kwa viwanda vilivyokuwa vinawauzia wageni malighafi na vipuri, na ilikuwa hivo kwa wawekezaji wenye ubia na wenyeji, wale wenye umiliki wa asilimia mia haikuonekana. Kuna mfano aliutoa wa Jamhuri ya Cheki, kiwanda cha kuyeyusha na kumimina aluminiamu kwenye kalibu kilichopata mkataba wa kwanza na kampuni kubwa ya kigeni ya magari. Watu wa kampuni ile wakawa wanakuja siku mbili kila mwezi, kwa muda mrefu, kukaa nao kwenye udhibiti wa ubora. Baadaye kiwanda kikachukua yale mambo kikayapeleka na kwenye laini nyingine ambazo hazikuwa za mteja huyo. Hapo ndo utasema ujuzi umemwagika.

Costa Rica ndo wana data tamu kuliko wote kwa sababu mamlaka ya kodi inaona kila kampuni inamuuzia nani. Kampuni ya ndani iliyopata kumuuzia kampuni ya kimataifa kwa mara ya kwanza, miaka minne baadaye ilikuwa na wafanyakazi asilimia 26 zaidi na tija ya asilimia 4 hadi 9 zaidi, na mauzo yake kwa wateja WENGINE yakapanda asilimia 20. Hiyo ya wateja wengine izingatie, maana yake jina limekuwa, watu wanajua kama umempita yule basi unaaminika.

Kwahiyo mwekezaji akitangazwa, usiulize ataleta dola ngapi. Uliza atanunua nini, kwa nani, kilomita ngapi kutoka getini kwake.

Wafanyakazi wakijifunza kwa mgeni halafu wakaondoka, si ndo hasara?

Kwa mwenye kiwanda ndiyo. Kwa nchi hapana. Mfano wa darasani kabisa ni Bangladesh. Kampuni ya Desh ya Chittagong iliingia makubaliano na Daewoo ya Korea Kusini mwishoni mwa miaka ya 1970, watu 130 wa Desh wakapelekwa Busan kufundishwa kushona, kukata, kusimamia laini na kuuza. Mwaka wa kwanza, 1980, wakatoa mashati 43,000 hivi, ya thamani ya dola kama 55,000, hela ya kuchekesha. Ndani ya miaka ya 1980, 115 kati ya wale 130 waliondoka, wakafungua vya kwao au wakaenda kwa washindani. Desh yenyewe 1987 ilikuwa inatoa mashati milioni 2.3 na Bangladesh leo ni miongoni mwa wauzaji wakubwa kabisa wa nguo duniani. Daewoo hawakupanga kufanya hisani hiyo, ilitokea kwa sababu watu wana miguu.

Sharti lake moja: waliofundishwa walifundishwa kazi za kati na za juu. Ukimfundisha mtu kushona mfuko wa suruali tu kwa miaka mitano, akiondoka anaondoka na mfuko.

EPZ zetu (maeneo maalum ya viwanda vya kuuza nje) je, zinafundisha au zinakwepa kodi tu?

Zimetoa ajira, hilo tusiwanyime. Kenya ilipitisha sheria ya EPZ mwaka 1990, Tanzania 2002, na mpango wenyewe ulikuwa unafanana: msamaha wa kodi ya mapato miaka 10, na sehemu kubwa ya bidhaa, asilimia 80 au zaidi, iende nje. Nguo za Athi River zilipata nguvu na AGOA, sheria ya Marekani ya mwaka 2000 iliyoruhusu bidhaa za Afrika kuingia huko bila ushuru, hasa ile ruhusa ya kutumia kitambaa cha kutoka nchi yoyote.

Na ruhusa hiyohiyo ndo tatizo ninaloliona. Kitambaa kinakuja na kontena kutoka Asia, vifungo vinakuja, nyuzi zinakuja, kinachoongezwa hapa ni kushona, halafu kinapanda meli. Nyuma yake hakuna mkulima wa pamba wala kiwanda cha kusokota. Mmeona hapo juu kwamba faida ya majirani inapita kwenye manunuzi, sasa kama eneo lina uzio na kila kitu kinaingia kwa meli, majirani watajifunza kupitia tundu gani? Bado kuna njia ya wafanyakazi kuhama, ila kama mameneja na mafundi wa juu wote ni wa kutoka nje na nayo ni nyembamba.

Afu kuna hatari ya soko moja. Eneo la viwanda la Hawassa huko Ethiopia lilizinduliwa 2016, kampuni ya PVH ya Marekani ikiwa mteja mkubwa. Vita ya Tigray ikaja, PVH ikatangaza kuondoka Novemba 2021, na kuanzia Januari 1, 2022 Ethiopia ikatolewa AGOA. Wasichana waliotoka vijijini kuja kushona wakarudi walikotoka. Tija ya laini ilikuwa imeshaanza kupanda, haikusaidia.

Tanzania tunauza korosho nyingi nje, mbona viwanda havikui?

Kwa sababu sehemu kubwa inaondoka ghafi, Mtwara na Lindi kwenda India na Vietnam, inabanguliwa huko. Kuuza nje kunafundisha kile unachokifanya. Ukiuza gunia utajifunza magunia, unyevu, maghala na mnada, ambavyo vina umuhimu wake, lakini kubangua hutajifunza.

Kuuza Uganda au Kongo ni sawa na kuuza Ulaya?

Kwa upande wa kutumia mashine zako kikamilifu, ni sawa, pengine hata bora maana gharama ya kuingia ni ndogo, lugha mnaelewana, mteja wa Bukavu au Lubumbashi mnamalizana kwenye simu. Kwa upande wa kujifunza, Jan De Loecker alipoangalia Slovenia baada ya kujitenga na Yugoslavia alikuta walioanza kuuza nje walipanda tija, na waliouza nchi tajiri walipanda zaidi. Inaingia akilini, mteja mkali anafundisha zaidi. Mimi huwa nashauri watu waanze na jirani, wajifunze karatasi na usafiri kwa makosa ya bei ndogo, halafu ndo wamtafute mkali. Eneo huru la biashara la Afrika, lililoanza rasmi Januari 2021, linaelekea hukohuko, ingawa mpakani bado ukweli ni foleni.

Nafanya tasnifu, nichunge nini kwenye data za tija?

Cha kwanza bei. Tafiti nyingi hazina idadi ya vipande, zina mauzo kwa shilingi tu, kwahiyo kiwanda chenye ukiritimba kinachouza ghali kitaonekana kina "tija" wakati ni kibovu. Cha pili, kampuni ya kimataifa inapouza kwa kampuni mama bei inaweza kuwekwa chini ili faida ikaonekane nchi yenye kodi ndogo, hapo tija ya kiwanda cha hapa inaonekana ndogo kuliko ilivyo. Cha tatu ubora, rudi usome habari ya Fowa, mita kwa saa zilishuka wakati mafundi wanapanda. Cha nne, usilinganishe wauzaji nje na wasiouza mara moja ukaandika "kuuza nje kunaongeza tija", msimamizi yeyote aliye macho atakurudisha. Angalau fuatilia kiwanda kilekile kabla na baada, na utafute cha kukilinganisha nacho.

Mimi nina kiwanda kidogo, sina mbia na sijawahi kuuza nje. Nianzie wapi?

Anzia ndani. Viwanda vya nguo karibu na Mumbai, India, vilipewa washauri wa uendeshaji kwenye jaribio lililoongozwa na Nicholas Bloom na wenzake, bila mwekezaji na bila soko jipya, na mwaka wa kwanza tija ikapanda asilimia 17. Walichofundishwa kinatia aibu kwa urahisi wake: nyuzi zipangwe kwa rangi na aina na ziandikwe, mashine zifanyiwe matengenezo kabla hazijafa, kasoro ziandikwe kila siku na mtu akae kikao kuziangalia, sakafu isiwe na takataka. Wenye viwanda wengi walikuwa hawafanyi, na sababu yao ilikuwa "tunaendelea vizuri tu".

Ukishakuwa na hizo rekodi ndo utafute kumuuzia mkubwa aliye hapahapa nchini, hoteli, supamaketi, kampuni ya bia, mgodi. Ni shule ileile ya mnunuzi mkali, ila bila meli. Sehemu ambayo wadogo wengi wanafeli sio ubora, ni kuaminika. Waangalie wakulima wa waridi wa Kenya mwanzoni mwa 2008, vurugu za baada ya uchaguzi zilipofunga barabara na wafanyakazi wakakimbia. Rocco Macchiavello na Ameet Morjaria walifuatilia shehena za kipindi kile, na mashamba yaliyopigwa yalijitahidi kwanza kulinda mzigo wa wateja wao wa moja kwa moja kule Ulaya, mzigo wa mnada wa Uholanzi ukasubiri. Mnadani hakuna anayekumbuka jina lako, mteja wa moja kwa moja anakumbuka nani alifikisha maua wiki ile.

Baada ya hapo ndo oda ya nje, na ianze ndogo. Piga hesabu ya siku ambazo hela itakaa nje, kuna wanunuzi wanalipa baada ya miezi miwili mitatu na wewe mishahara ni ya kila mwezi, viwanda vizuri kabisa vimeangukia hapo vikiwa na oda mkononi. Na kabla hujasaini, hakikisha imeandikwa nani anabeba gharama mzigo ukikataliwa bandarini kwao.